Utepe Mwekundu Juu ya Kinanira

Sumaya Hamissi, ambaye mtaani wote walimwita Mama Ilias, hakuuliza swali lolote mpaka wageni wake walipofika nusu ya chai. Ndivyo alivyofanya miaka yote alipokuwa polisi, na ndivyo alivyofanya sasa katika ofisi yake mwenyewe, chumba kimoja juu ya duka la fundi cherehani pale Bwiza. Alikwisha kuona kwamba mtu mwenye kikombe cha chai ya moto mkononi hapati nafasi ya kuropoka.

Wageni walikuwa wawili. Mama Esperance, muuza ndagala wa sokoni, alikaa ukingoni mwa kiti kama anayeogopa kukiachia harufu ya samaki. Binti yake Chanelle alikaa wima, na mapajani alikumbatia mfuko wa kitambaa wenye viatu vyake vya mbio.

"Haya, mwanangu," Sumaya alisema. "Nieleze Jumapili. Usiruke kitu, hata kile unachokionea aibu."

"Wanaume walitangulia, sisi wanawake tukafuata nyuma," Chanelle alianza. "Mi nilikuwa mbele tangu mwanzo wa mupando. Nafuata utepe mwekundu, vile Honoré mwenye kuchora njia alituonyesha. Nikafika pale kwa mikalitusi, njia inagawanyika. Utepe uko kushoto. Nikaenda kushoto."

"Una hakika ni kushoto?"

"Mama Ilias, mukono huu." Aliuinua. "Na komite wanasema utepe ulikuwa kulia. Amélie aliyenifuata alienda kulia, na wote nyuma yake walienda kulia. Honoré mwenyewe alipanda mbio zilipoisha, akaukuta kulia. Mi peke yangu ndiye niliona kushoto. Unaona vile naonekana?"

"Unaonekana muongo," mama yake alisema kwa upole, akimpangusa vumbi begani. "Lakini we si muongo."

Njia ya kulia ilipita kwenye chemchemi. Hapo alisimama mtu wa kumvalisha kila mkimbiaji kipande cha mpira mweusi mkononi, kuwa ushahidi kwamba amefika. Chanelle alirudi Kinanira, zilikoanzia na kuishia mbio, wa kwanza kati ya wanawake wote, mkono mtupu. Landry, mwalimu wa Amélie, akalalamika siku hiyohiyo. Komite ikasema msichana alikata njia, akashukia kule chini kwenye nyumba za watu.

"Na huko kushoto kulikuwa na nini?" Sumaya aliuliza.

"Kupanda tu, mpaka kifua kinawaka. Halafu nyumba moja. Majani ya mugomba yamefungwa mulangoni, na mama ameketi na mutoto mudogo kabisa. Akanipa maji." Chanelle alishusha sauti. "Nikasimama kidogo. Nikapiga vigelegele."

"Ulisimama? Katikati ya mbio?"

"Mutoto mupya, Mama Ilias! Mutu anapitaje tu, kama mbuzi?"

Sumaya aliinama juu ya kikombe chake ili asionekane akitabasamu.

"Komite nao walicheka," Chanelle alisema. "Halafu wakasema, kama uliona nyumba, basi ulipita mukato. Njia yetu haina nyumba hata moja. Nikajifunga mwenyewe kwa mudomo wangu."

Viatu havikusaidia. Sumaya alivigeuza, akavinusa, akakwangua soli kwa kucha. Vumbi la kiangazi ni lilelile mlima mzima. Akavirudisha mfukoni.

Komite ingekutana siku hiyohiyo baada ya alasiri. Kama ingemkuta Chanelle na hatia, nafasi ya kwenda kukimbia Moshi ingekwenda kwa Amélie. Hilo lilimuuma msichana. Mama yake aliumwa na jingine. Sokoni walikuwa wameanza kumuuliza, "Mama Chanelle, na mizani yako nayo inapita mukato?" Walicheka, yeye akacheka nao, kisha akaondoka kwenye meza yake kabla ya saa.

"Kwa nini usipande ukaitafute hiyo nyumba?" Sumaya alimuuliza binti.

"Komite wamenikataza kugusa mulima mpaka waamue. Eti nisije nikapanga mashahidi."

"Wamefanya vizuri," Sumaya alisema, akisimama kutafuta viatu vyake vya chini. "Basi nitapanda mimi. Mwenyezi Mungu anihurumie magoti."

*

Mtu wa chemchemi aliitwa Uthmani, fundi wa pikipiki, na karakana yake ilikuwa mitaa miwili tu kutoka hapo. Mafuta yalikuwa yameadimika mjini, pikipiki zimelala. Uthmani alikuwa amekaa kwenye kivuli akipangusa plagi ambazo tayari zilikuwa safi. Alipomwona Sumaya alimpisha kiti chake, yeye akakalia tairi.

"Chanelle hakupita kwangu," alisema hata kabla ya kuulizwa. "Naumia kusema, ni jirani. Lakini hakupita."

"Hukusinzia hata kidogo?"

"Mi? Mama Ilias, muulize mke wangu kama mi nalala muchana. Nilikata mpira ya wakimbiaji wote kwa mukono wangu, kwenye chubu ya zamani ya tairi. Ya kwake ilibaki. Nimeitunza." Akaitoa mfukoni, kipete kidogo cheusi, akakiweka kwenye kiganja cha Sumaya. "Nilifikiri labda atakuja kuiuliza."

Sumaya aliugeuza mpira ule. Mtu anayeamini kwamba jirani yake ni mwizi hatembei na mpira wake mfukoni.

"Uliona mtu mwingine yeyote mlimani asubuhi ile? Ambaye hakuwa akikimbia?"

Uthmani alisita, akaangalia huku na huku.

"Sitaki kusema mutu vibaya. Wakati napanda, jua halijatoka vizuri, nilimukuta Landry anashuka. Mukononi ana utepe. Mwekundu, uleule."

"Mwalimu wa Amélie?"

"Yeye mwenyewe. Akanisalimia vizuri kabisa."

Sumaya alishukuru na kuinuka. Mtu aliyelalamika alikuwa na utepe mkononi kabla mbio hazijaanza, na mwanafunzi wake ndiye wa kufaidika. Ilikuwa rahisi mno. Lakini alikwisha kuona kesi rahisi zikiwa za kweli, kwa hiyo hakuitupa. Aliifunga kichwani na kutembea nayo mpaka Kinanira.

*

Landry alikuwa kwenye kiwanja cha vumbi chini ya mlima, akimhesabia Amélie pumzi. Pembeni alisimama Honoré Namegabe, aliyechora njia ya mbio, mtu mrefu wa kutoka Bukavu, mwenye kofia ya majani na uso wa mtu aliyetukanwa. Tangu Jumapili alikuwa hajalala vizuri. Kwake mtu kupotea kwenye njia aliyoichora lilikuwa jambo la fedheha kuliko kuibiwa.

"Mwalimu Landry," Sumaya alisema baada ya salamu zote kwisha, za nyumbani na za watoto. "Jumapili alfajiri ulishuka mlimani na utepe mkononi."

Amélie aliacha kupumua kwa hesabu. Landry hakugeuka rangi. Aligeuza tu macho yake kwa Honoré.

"Sema, kaka."

"Niseme nini?" Honoré aliuliza.

"We ndiye ulinipa ule utepe. Jumamosi jioni, baada ya kazi za pamoja. Ulisema kile kidaraja cha miti kimeoza upande mmoja, niende nifunge utepe upande ule ulio mzima ili watoto wa watu wasivunjike miguu. Nikaenda alfajiri. Uliobaki nikashuka nao."

Honoré alivua kofia. Aliishika kifuani kama aliyeingia kanisani.

"Aa," alisema. "Aa! Kweli kabisa. Nimesahau."

"Umesahau," Landry alisema, "na mi siku tatu naona watu wananiangalia kama mutu aliyekula kuku ya jirani."

Amélie alicheka mpaka akashika mbavu. Hata Honoré alicheka, kwa aibu.

"Na kwenye njia panda ya mikalitusi ulipita?" Sumaya aliendelea.

"Nilipita. Utepe ulikuwa kulia. Sikuugusa." Landry alikunja mikono. "Madame, nikuambie. Mi sina ugomvi na yule mutoto. Anakimbia vizuri kuliko wote niliofundisha, na wangu anasikia, nasema mbele yake. Lakini sheria ni mpira mukononi. Ukinionyesha alipita wapi, lalamiko langu nitalifuta mi mwenyewe."

"Mbele ya komite?"

"Mbele ya askofu, ukitaka."

Sumaya alimtazama Amélie. Msichana alikuwa akichora vumbi kwa ncha ya kiatu.

"Na wewe, mwanangu, ulimwona Chanelle mara ya mwisho wapi?"

"Kabla ya mikalitusi. Niliona mugongo yake mbali, mbali sana. Halafu sikumuona tena mpaka chini." Alifikiri kidogo. "Mi nilifikiri ameota mabawa."

*

Walipanda wawili, Sumaya na Honoré. Gari halikuwapo, na hata lingekuwapo lisingefika. Honoré alitembea taratibu kwa ajili yake, na kila waliposimama alijifanya kuna kitu anachotaka kumwonyesha: ziwa lililong'aa kule chini na milima ya Kongo nyuma yake, mapaa ya Mutanga Nord, mashamba ya mihogo. Sumaya alijua kwamba anapumzishwa. Alitazama yote na kuyasifu.

Kila baada ya kitambo walipita utepe mwekundu. Komite ilikuwa bado haijaagiza uondolewe. Sumaya aligusa kila mmoja.

"Hizi zote umefunga wewe?"

"Zote. Fundo mbili, na mikia mirefu inaning'inia. Upepo ukipiga inacheza, mukimbiaji anaona kutoka mbali. Nilijifundisha mwenyewe."

Walifika kwenye mikalitusi. Njia iligawanyika hapo mbele ya miti mitatu. Ya kulia ilishika ubavu wa mlima, nyembamba, ukuta wa udongo upande mmoja na bonde upande wa pili. Ya kushoto ilipanda moja kwa moja kama ngazi. Utepe mmoja ulifungwa kwenye mti wa kulia. Mwingine ulikatiza mdomo wa njia ya kushoto, kuifunga.

 Sumaya aliugusa wa kulia, kisha akaenda kuugusa wa kushoto. Akarudi kwenye wa kulia, akakaa juu ya jiwe.

"Honoré, njoo. Hili ni fundo lako?"

Honoré aliinama. Alipapasa fundo kwa vidole.

"Apana," alisema polepole. "Mikia iko wapi?"

Mikia haikuonekana. Mtu alikuwa ameifunga imara, kisha akaichomeka ndani ya fundo, ikazama, kazi safi kama ya mtu aliyezoea. Utepe wa kushoto ulikuwa hivyohivyo.

"Lakini Jumapili nilikuja hapa!" Honoré alisema. "Nikaangalia, nikaona utepe kulia, nikashuka kuwaambia komite kila kitu kiko sawa."

"Uliangalia utepe uko wapi. Hukuangalia umefungwaje." Sumaya alimgusa mkono. "Usijilaumu. Ingekuwa nyumba yako, nawe ukakuta mlango umefungwa, usingeuliza ni nani aliyeufunga."

"Basi mutu alihamisha, halafu akarudisha?"

"Alihamisha wanaume walipokwisha kupita, na akarudisha kabla Amélie hajafika. Katikati yao alipita mtu mmoja tu." Sumaya alisimama. "Sasa fikiri. Mtu mwenye nia mbaya angefanya nini? Angeupeleka utepe bondeni, au angeuacha huko kushoto, apoteze wote. Huyu ameurudisha, tena kaufunga vizuri kuliko ulivyokuwa. Huyu aliuazima."

Aliingia njia ya kulia, macho chini. Hatua chache tu ndani yake, pale njia ilipobana kabisa, aliokota kijiti chembamba kirefu, kina tundu ndani. Pembeni kulikuwa na kipande chembamba cha jani la mgomba lililokauka.

"Hiki nini? Mimi Mwislamu, nisaidie."

Honoré alikipokea, akacheka. "Huu ni mrija, Mama Ilias. Wa kunywea pombe ya ndizi kwenye chungu."

"Na watu hupanda mlima na chungu cha pombe Jumapili asubuhi kwenda wapi?"

 Honoré aligeuka, akaangalia juu, upande wa kushoto.

"Kuhemba," alisema. "Wanaenda kumupongeza mama aliyezaa."

"Twende kushoto," Sumaya alisema. "Na ukifika huko, Honoré, nakuomba jambo moja. Usiseme chochote. Usitaje mbio, usitaje Chanelle, usitaje namba wala rangi. Nataka wanipe wao wenyewe, bila kuwekewa mdomoni."

*

Njia ilikuwa kali kama Chanelle alivyosema. Juu yake, nyuma ya migomba, kulikuwa na nyumba ndogo ya matofali, ua umefagiwa, majani ya mgomba yamefungwa mlangoni, sasa yamekauka na kujikunja. Bibi mmoja alitoka kuwapokea, kitenge mabegani. Alipoona jinsi Sumaya anavyohema, hakuuliza jina wala shida. Alileta kigoda, akaleta maji.

Aliitwa Bibi Domitila. Kiswahili alikipata zamani, alipokuwa akiuza ndizi Bwiza.

"Pumzika, mwanangu. Huu mulima hauna haraka."

Adhuhuri ilikuwa imeingia. Sumaya aliomba mahali pa kuswali, na Bibi Domitila, ambaye rozari ilining'inia shingoni mwake, alifagia tena ua uliokwisha kufagiwa, akatandika mkeka mpya uliokuwa umekunjwa juu ya dari. Kisha akamfukuza kuku asije akapita mbele.

Sumaya alipomaliza kuswali na kuinua macho, aliona chungu kikubwa kando ya mlango. Mdomo wake ulifunikwa kwa jani la mgomba, na jani lilifungwa kwa kamba ya mgomba. Fundo lilikuwa imara. Mikia ilikuwa imechomekwa ndani.

"Bibi, chungu hiki umefunga wewe?"

"Nani mwingine? Vijana wa siku hizi wanafunga kama wanafunga viatu."

"Hongera ya mjukuu."

"Yoo, asante! Patricia! Leta mutoto, wageni wamusalimie."

Mke wa mwanawe alitoka, msichana mwenye macho ya usingizi na tabasamu pana, mtoto amefungwa kitenge kifuani. Sumaya alimpongeza na kumwombea dua mtoto. Honoré alifumba midomo kwa nguvu mpaka mashavu yakatuna.

"Huyu kaka yako anaumwa jino?" Bibi Domitila aliuliza.

"Ndiyo," Sumaya alisema. "Bibi, nasikia Jumapili mlipata wageni."

"Wengi! Wazazi wa Patricia wote walipanda kuhemba. Vyungu vitatu, na vikapu." Bibi alikaa chini, akanyoosha miguu, tayari kwa hadithi. "Lakini karibu viharibike. Maana siku hiyo mulima ulijaa watu wanakimbia. Sijui wanafukuzwa na nani. Wanapita pale kwenye njia nyembamba, pu, pu, pu, kama mawe yanaporomoka. Na wageni wangu wanapanda njia ile, chungu kichwani, maana huku ni kali mno kwa chungu; wanapita pale pembamba, halafu kabla ya chemchemi wanakata kuja kwetu. Watampishaje mutu? Upande huu ukuta, upande huu bonde."

"Wangeshusha chungu chini, wakasubiri?"

Bibi Domitila alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini halali juu ya paa.

"Sisi hapa, chungu cha kuhemba kikitoka nyumbani hakigusi chini mpaka mulangoni kwa mzazi. Mama yangu alifanya vile, na mi nafanya vile. Basi niliona wale wanaume wameisha kupita, nikasema, wengine wanakuja. Nikatazama, naona wanafuata vile vitambaa vyekundu. Nikavifungua. Nikavifunga upande wa huku kwetu. Njia zote mbili zinakutana kule juu, hakuna mutu wa kupotea."

"Lakini ya huku ni ndefu, Bibi. Na ni kali."

"Si ndiyo maana?" Bibi alifungua mikono. "Watu wanaacha mujini, wanakuja kupanda mulima bure, kwa kupenda! Mi nikasema, kama wanapenda mulima, nitawapa mulima."

Sauti ilimtoka Honoré, kati ya kikohozi na kicheko. Alijifanya anashika shavu.

"Halafu?" Sumaya aliuliza.

"Halafu vyungu vikapita, nikarudisha vitambaa. Kitu cha mutu unakirudisha pale ulikikuta." Alimtazama Sumaya. "Nilikosea?"

"Subiri kidogo, Bibi," Sumaya alisema.  Alikuwa na fundo, alikuwa na mrija, alikuwa na neno la bibi. Lakini komite ingeuliza: mtu gani alipita huku? Hilo alitaka litoke lenyewe, na hakujua kama litatoka. Alinyoosha kidole, na mtoto akakishika.

"Na huyu bwana mdogo anaitwa nani?"

"Ni binti," Patricia alisema. "Jina la ubatizo bado, tunasubiri padri. Lakini hapa nyumbani tunamwita Disseti."

"Disseti?"

"Dix-sept. Kumi na saba, kwa Kifaransa." Patricia alicheka, akifunika mdomo. "Jumapili Bibi alikuwa amekwenda kupokea wageni, mi niko hapa peke yangu na mutoto. Alikuwa analia tangu asubuhi, hataki ziwa, mi nami naanza kulia. Mara namuona dada mmoja anatoka pale kwenye migomba, anakimbia, jasho yote. Nikampa maji. Akatazama mutoto, akasimama. Mutu wa mashindano, akasimama! Akapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Mutoto akanyamaza, akashangaa, halafu akanyonya. Nikataka kumuuliza jina, tayari yuko mbali. Niliona tu namba kifuani."

"Kwa hiyo tukampa mutoto ile namba," Bibi Domitila alisema. "Mpaka siku tutajua jina."

Sumaya alimgeukia Honoré. Macho ya mtu yule mrefu yalikuwa yamejaa maji.

"Sema sasa," alimwambia. "Jino limepona."

"Namba kumi na saba ni Chanelle," Honoré alisema. "Bibi, anaitwa Chanelle!"

Walipomweleza kilichompata msichana, Bibi Domitila alishika kichwa kwa mikono miwili. Hakusema samahani. Aliingia ndani, akatoka amevaa kitenge cha kanisani na fimbo mkononi.

"Bibi, ni mbali," Sumaya alisema. "Nitaeleza mimi."

"Kitambaa nilifungua mi," bibi alijibu, akiwa tayari ameshika njia. "Na wewe hujui hata kufunga chungu."

*

Komite ilikutana kwenye darasa moja Kinanira, watu watano nyuma ya meza. Chanelle na mama yake walikuwa kwenye dawati la nyuma. Sumaya aliweka mezani utepe wenye fundo lililozama, na kando yake mwingine wenye mikia mirefu. Akaweka mrija. Akaomba komite imuulize bibi yenyewe, yeye akakaa.

Mwenyekiti, mtu mwenye miwani, alimuuliza kila kitu mara mbili. Bibi Domitila alijibu kila kitu mara mbili, bila kuchoka, na alipotakiwa kuonyesha fundo alimvua mwenyekiti tai na kuifunga kwenye mguu wa meza. Ilichukua muda kuitoa. Alipofika kwenye jina la mjukuu, wajumbe wote walikuwa wameinama mbele kumsikiliza.

"Kumi na saba," mwenyekiti alirudia. Alifungua karatasi ya wakimbiaji, ingawa kila mtu alijua kilichoandikwa humo.

Landry ndiye aliyesimama wa kwanza.

"Nafuta lalamiko. Aliambiwa afuate utepe, akafuata utepe."

"Lakini mpira hana," mjumbe mmoja alisema.

"Alipita mupando ule wa kushoto," Honoré alisema. "Nimetoka huko. Ni mrefu kuliko wangu, na mbaya kuliko wangu. Alisimama, akanywa maji, akapiga vigelegele, na bado alifika wa kwanza."

Amélie aliinuka karibu na dirisha. "Mi siendi Moshi kwa nafasi ya mutu aliyezunguka mulima mzima," alisema. "Mwaka ujao nitamupiga vizuri, kwa miguu."

"Utajaribu," Chanelle alisema kutoka nyuma, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza Sumaya kumsikia akicheka.

Mwenyekiti aliwatazama wenzake, na vichwa vitano vikakubali. Sumaya alitoa mfukoni mpira mweusi aliopewa na Uthmani, akampa Bibi Domitila. Bibi alitembea mpaka dawati la nyuma na kumvalisha Chanelle mkononi.

"Wewe ndiye Kumi na Saba," alisema. "Ulimunyamazisha mutoto wetu, halafu sisi tukakuletea kesi."

Chanelle aliugeuza mpira mkononi, mara mbili. Mama Esperance ndiye aliyepiga vigelegele, na vilisikika mpaka barabarani.

Jumapili iliyofuata Chanelle alipanda tena mlima, lakini hakukimbia. Mama yake alikuwa amemjazia kikapu cha ndagala, zile kubwa anazowawekea wateja wa siku nyingi, na kumwonya kwamba kisiguse chini mpaka mlangoni kwa mzazi. Alikibeba kichwani, shingo imenyooka. Sumaya alifuata nyuma, akihema, ameshika mkeka mpya wa kumrudishia bibi ukarimu.

Kwenye njia nyembamba walisikia miguu ikiporomoka kutoka juu, pu, pu, pu. Ilikuwa Amélie, peke yake, mazoezini. Alipoona kikapu hakuuliza. Aliruka kwenye ukingo, akajibana kwenye ukuta wa udongo, tumbo ndani, mikono juu.

"Pita, mama," alisema. "Pita na mzigo wako."

"Asante, mutoto," Chanelle alijibu kwa sauti ya kikongwe, bila kugeuza shingo, akapita.